Usiku tulioonyesha Imitation of Life, na mama aliyeondoka kabla ya mazishi

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wale wanaoendesha vikundi vya kuangalia muvi, walimu, viongozi wa vijana kanisani au msikitini, yeyote anayekaa mbele ya watu akasema leo tutaangalia hiki halafu tutaongea. Ni kitu kilichotokea kweli. Majina nimebadilisha, mji sitautaja, na mambo mawili matatu ya maisha ya watu nimeyaacha nje kwa sababu si yangu kuyasema.

## Mazingira

Kikundi chetu ni cha watu kama kumi na wawili hivi, tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi kwenye chumba cha kuazima, mji mmoja wa Marekani. Tunaongea Kiswahili. Wengine wametoka Tanzania, wengine Kenya, wengine Kongo ya mashariki, na kuna vijana waliozaliwa hukuhuku ambao Kiswahili wanakielewa vizuri tu ila wakikasirika wanahamia Kiingereza bila kujijua. Mimi ndo huwa nachagua muvi na kuendesha mazungumzo.

Mwaka ule tukasema tuangalie melodrama za zamani za Hollywood, zile za kuliza watu, za miaka ya 30 mpaka 50 mwishoni. Sababu ilikuwa nyepesi, watu wetu hiyo lugha wanaijua, mtu aliyekaa miaka anafuatilia tamthilia za Kituruki na za Kimeksiko huhitaji kumfundisha maana ya siri ya familia, au mama anayekanwa na mwanae, au muziki unaopanda pale mtu anapofungua mlango. Na mimi nilikuwa na hamu yangu, nilitaka tuzungumzie watu weusi wamewekwaje kwenye hizo muvi, wako wapi kwenye picha, wanafanya nini, nani anawachezea.

Kwa hiyo nikachagua Imitation of Life ya 1959. Kwa asiyeijua, hadithi inaanza 1947 pale ufukwe wa Coney Island. Lora, mzungu, mjane, anataka kuwa mwigizaji wa jukwaani, kampoteza binti yake Susie kwenye umati. Anayempata mtoto ni Annie, mweusi, naye ana binti yake Sarah Jane, ambaye ngozi yake ni nyeupe kiasi kwamba mtu hawezi kujua. Annie hana pa kulala. Anaomba chumba kwa Lora, atafanya kazi za ndani. Miaka inapita, Lora anakuwa staa, nyumba inakuwa kubwa, na Annie bado yuko jikoni. Sarah Jane anakua akiwa ameamua kitu kimoja, ataishi kama mzungu, na ili aishi kama mzungu lazima mama yake asionekane.

Lora ni Lana Turner, Annie ni Juanita Moore, Sarah Jane ni Susan Kohner. Direkta ni Douglas Sirk, mzaliwa wa Hamburg aliyeikimbia Ujerumani 1937, mke wake alikuwa Myahudi. Hii ndo muvi yake kubwa ya mwisho Hollywood, baada ya hapo alirudi Ulaya.

Watu wawili ndo muhimu kwenye kisa hiki. Mama Zawadi, miaka hamsini na kitu, anatunza wazee majumbani kwao, mara nyingi zamu za usiku, na kabla ya hapo alishafanya kazi za ndani kwa miaka mingi. Na Neema, yuko chuo, amezaliwa Marekani, msomaji sana, ana hasira nzuri ya mtu anayejali.

## Kilichotokea usiku wa kwanza

Nilifika nimejiandaa, kurasa nne za maelezo. Kabla hata sijawasha projekta niliongea karibu dakika ishirini. Nikaeleza kuhusu yule mwanamke mweusi wa Hollywood wanayemwita mami, mpole, mnene, hana mume, hana rafiki, kazi yake kumbembeleza mzungu na kumpa ushauri. Nikawaeleza Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, 1940, kwa uhusika wa aina hiyohiyo, na usiku ule wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa Gone with the Wind, muvi iliyompa tuzo hiyo. Nikamalizia kwa kusema, jamani, huyu Annie mtakayemuona leo ni mtoto wa hao, muangalieni kwa jicho hilo.

Muvi ikaanza. Ile mwanzo wake wenyewe inashika, vito vinadondoka taratibu, kimoja kimoja, mpaka vinajaza skrini nzima. Watu wakatulia.

Sasa kuna kipande kinakuja Sarah Jane akiwa ameshakuwa msichana. Lora ana wageni sebuleni, Annie anamwomba binti yake asaidie kupeleka sinia. Sarah Jane anaingia nalo kichwani, anatembea kwa kujinyonganyonga, anaongea lafudhi ya watumwa wa kusini, na wageni hawajui wacheke au wafanye nini. Lora akimuuliza amejifunzia wapi hayo, anajibu kwamba kajifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza kwa bwana wake kabla hajawa mali ya Lora. Kile kipande kinauma. Unaona uso wa Annie.

Nikasimamisha muvi hapo. Nikawasha taa. Nikauliza, mnaona nini kuhusu jinsi watu weusi walivyowekwa humu?

Neema ndo aliongea wa kwanza, na aliongea vizuri, sitaki mtu afikiri alikosea. Alisema Annie si mtu, ni sanamu ya upole, kila anachofanya ni kwa ajili ya Lora, hata akichoka anachoka kwa adabu, na muvi inataka tumpende kwa sababu hiyohiyo, kwamba hatusumbui. Alisema anamuelewa Sarah Jane kuliko anavyomuelewa Annie. Kijana mwingine akadakia, akasema mwanamke wa namna ile hayupo duniani, ni ndoto ya wazungu tu.

Mama Zawadi alikuwa kakaa karibu na mlango. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mimi kazi hiyo ndo nayofanya. Sasa ukisema huyo mama hayupo duniani, mimi ni nani?"

Neema akamwambia mama samahani, sijakusema wewe, nasema muvi. Mama Zawadi akamjibu hamna shida mwanangu. Akavaa koti. Akaaga kwa heshima, kila mtu na shikamoo yake na marahaba yake, akasema ana zamu, na mimi nilijua kabisa hana zamu kwa sababu wiki iliyopita alishaniambia kaomba ruhusa ili abaki mpaka mwisho.

Tukaendelea na muvi. Hakuna aliyefurahia. Ikaisha na yale mazishi makubwa, watu wakakunja viti.

## Kwa nini nilifanya nilivyofanya

Hapa niwe mkweli, kwa sababu bila hii sehemu kisa hakina faida kwa mtu.

Hotuba ya dakika ishirini niliitoa kwa woga. Niliogopa vijana wataumia, au watadhani mimi naikubali kila kitu kilichomo, kwa hiyo nikatangulia kuihukumu muvi kabla haijasema neno. Nilidhani nawalinda. Matokeo yake watu wote wakawa wanatafuta makosa tu, na mtu akitafuta makosa kwenye melodrama atayapata mengi mpaka amalize daftari, ila atakosa kingine chote.

Kusimamisha pale kwenye sinia nako nilikuwa na sababu, niliona ndo penye moto. Ni kweli pana moto. Ila melodrama imejengwa kama deni, inakopa machozi dakika ya kumi inakuja kulipa dakika ya mia na ishirini, ukiikata katikati umewaachia watu deni bila malipo. Na nilimkatia Mama Zawadi muvi kabla hajafika mahali ambapo Annie anapata maelezo yake.

Na kuchagua ya 1959 peke yake. Hadithi hii ilishatengenezwa muvi mara ya kwanza 1934, kwa jina hilohilo. Hili nilikuja kuliona baadaye, kwamba bila hiyo ya kwanza nusu ya hoja haionekani.

## Nilichobadilisha

Wiki iliyofuata nilienda kumuona Mama Zawadi nyumbani kwake, nikabeba ndizi na mkate. Hakuwa amekasirika, au alikuwa na hasira ya watu wazima ambayo haina kelele. Tuliongea habari za watoto wake kama saa nzima. Halafu akasema kitu kimoja, kwamba yeye alikuwa anaangalia vizuri tu, alikuwa na mengi ya kusema kuhusu yule mama, "ila hukuniuliza, uliwauliza wote kwa pamoja, na wote kwa pamoja maana yake ni wale wenye maneno mepesi."

Sasa hapo ndo nilipokumbuka kipande kimoja cha muvi chenyewe. Annie ameshamfanyia Lora kazi miaka zaidi ya kumi. Wako wanaongea, Annie anataja watu anaowafahamu, Lora anashangaa, anasema hakuwahi kufikiri kwamba Annie ana marafiki wengi. Annie anamwambia anajua watu kibao, yuko kwenye kanisa la Kibaptisti, yuko kwenye vyama kadhaa. Na kwa upole uleule anamwambia bibie, hukuwahi kuniuliza.

Nilikaa kwenye gari dakika kadhaa kabla ya kuondoka.

Basi nikapanga upya, jioni mbili. Jioni ya kwanza vipande vya ile ya 1934. Jioni ya pili ile ya 1959 nzima, bila kusimamisha, bila hotuba, na mazungumzo yaanze na waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wengine wangesubiri. Nilimwambia Neema mapema, nikamweleza kwa nini, nikijua inaweza kumuudhi. Alikubali, akasema tu na yeye atapewa muda wake kamili, asikatwe. Haki yake.

## Jioni ya 1934

Ile ya kwanza aliiongoza John M. Stahl, studio ni ileile Universal, imetoka kwenye riwaya ya Fannie Hurst ya 1933. Humu mzungu anaitwa Bea, ni Claudette Colbert, na mweusi anaitwa Delilah, ni Louise Beavers. Tofauti kubwa na ya pili ni hii, utajiri wote unatoka kwa Delilah. Yeye ndo ana siri ya unga wa pankeki, kairithi kwenye familia yake. Wanafungua kibanda Atlantic City, baadaye unga unawekwa kwenye boksi, picha ya Delilah inakuwa nembo.

Niliwaonyesha kipande cha bango. Bea anamweleza fundi rangi anachotaka kichorwe, anamwambia Delilah acheke, cheko kubwa, na Delilah anacheka, meno yote nje, na anabaki hivyohivyo amelishikilia lile cheko kama mtu anayesubiri ruhusa ya kufunga mdomo. Chumba kizima kimya. Mzee mmoja wa Kongo akasema taratibu, huyo anauzwa.

Halafu kipande cha hisa. Bea anamwambia Delilah kampuni imekua, asilimia 20 ni zako, utakuwa na nyumba yako, gari lako. Delilah anashtuka, anauliza kama wanataka kumfukuza. Anakataa, anataka kubaki anamtunza Bea. Hapa sikuuliza kuhusu uwakilishi wala nini, niliuliza tu, ungechukua? Aisee. Dakika arobaini na tano watu wanapiga hesabu! Mmoja anasema asilimia 20 ni wizi, unga ni wake, ilitakiwa nusu kwa nusu. Mwingine anasema hata hiyo 20 asingeipata, Marekani ya 1934 angeishtaki wapi. Mama Zawadi akasema Delilah kaogopa, hajakataa pesa, kaogopa kutoka kwenye nyumba pekee aliyohakikishiwa kulala, na aliyeandika ile hadithi kaona ule woga akaufanya uonekane kama mapenzi.

Hiyo sentensi ya mwisho imenikaa mpaka leo. Sterling Brown, mshairi na mhakiki mweusi, aliishambulia hii muvi 1935 kwa hojahoja za namna hii, kwamba ni hadithi ya zamani ya mtumwa aliyeridhika imevalishwa nguo mpya, na Fannie Hurst alikasirika akamjibu. Mama Zawadi hajawahi kumsikia Sterling Brown. Amefika hapo kwa njia ya kazi yake.

Na kuna binti yake Delilah, Peola, anayetaka kuishi kama mzungu. Aliyemcheza ni Fredi Washington, mzaliwa wa Savannah, Georgia, mweusi kwa ukoo na kwa msimamo, mwenye ngozi nyeupe na macho ya rangi isiyo nyeusi. Mwaka mmoja kabla, kwenye The Emperor Jones, walimpaka mekapu ya kumtia weusi ili watazamaji wasidhani Paul Robeson, mwigizaji mweusi aliyecheza naye, kamkumbatia mzungu. Maisha yake yote aliulizwa kwa nini asijipitishe tu kama mzungu apate kazi, akakataa, na 1937 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha waigizaji weusi. Ila Hollywood haikuwa na pa kumuweka. Mweupe mno kucheza hausigeli, na kwa kuwa anajulikana ni mweusi, hawezi kupendwa na mzungu kwenye skrini.

Hilo la mwisho halikuwa mazoea tu. Studio zilikuwa na kanuni zao za maadili zilizoandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa nguvu katikati ya 1934, chini ya Joseph Breen, na kanuni zilikataza waziwazi mahusiano ya mapenzi kati ya weusi na weupe. Ofisi ya Breen iliisumbua sana hii muvi, kwa sababu mtoto mweusi mwenye ngozi nyeupe, kwa kuwepo kwake tu, analeta swali baba yake alikuwa nani. Ndo maana ndani ya muvi Delilah anaeleza kwamba baba yake Peola alikuwa mweusi mwenye ngozi nyeupe sana, maelezo ya haraka haraka, yapite. Unaona mkono wa ofisi kwenye mdomo wa Delilah.

## Jioni ya 1959, mara ya pili

Sikuongea. Nilisema tu karibuni, muvi ina saa mbili na dakika kadhaa, choo kiko kulia.

Tulilia. Wengi tulilia, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu hiyo ndo kazi ya hii aina ya muvi. Pale ambapo Annie, ameshaanza kuumwa, anasafiri mpaka California kumuaga Sarah Jane anayefanya kazi kama mcheza dansi wa klabu na anaishi kama mzungu, na rafiki wa Sarah Jane anaingia ghafla, na Annie kabla hajaulizwa anajifanya ni yaya wa zamani tu aliyepita kusalimia. Mama anajikana mwenyewe ili mwanae apone. Akishatoka, yule rafiki anamtania Sarah Jane, kumbe ulilelewa na mami mweusi, naye anajibu akilia, ndiyo, maisha yangu yote.

Halafu mazishi. Farasi weupe, gari la jeneza, bendi, wanaume wa vyama na sare zao, kanisa limejaa, Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa nyimbo za injili, anaimba. Sarah Jane anapenya kwenye umati anaangukia jeneza.

Taa zikawashwa. Mama Zawadi akaanza. Alisema, "Mmeona wale wanaume wenye sare? Huyo mama alikuwa na chama chake cha msiba. Miaka yote hiyo alikuwa anatoa mchango. Yule bosi wake alidhani huyu akitoka jikoni anaenda kulala, kumbe anaenda kwenye mkutano." Akaendelea, akasema yeye mwenyewe wale wazee anaowatunza hawajui kwamba Jumapili yeye ni mwekahazina, ndo anashika daftari la michango, na mwaka jana walisafirisha maiti mbili nyumbani. Wengi wetu humo ndani tumetoa hiyo michango. Sijui kwa nini sikuwahi kuiona kwenye yale mazishi, na nimeiangalia hii muvi mara nyingi.

Neema naye akapewa muda wake. Alisema amekubali kwamba Annie ana maisha, ila swali lake ni jipya, kwa nini mpaka afe ndo tuyaone? Saa mbili kamera iko kwenye magauni ya Lana Turner, yale ya mbunifu Jean Louis, na watu wa Annie wanapewa dakika chache za mwisho, na yeye mwenyewe yuko ndani ya jeneza. Kisha akaja na lingine, kwamba amesoma kuhusu Susan Kohner na ameumia. Kohner si mweusi. Mama yake ni Lupita Tovar, mwigizaji wa Meksiko, baba yake ni Paul Kohner, ajenti Myahudi mwenye asili ya Bohemia. "Yaani hata mateso yetu wamempa mtu mwingine acheze."

Mama Zawadi alimtazama akasema hapo mwanangu uko sawa kabisa.

## Uchambuzi

Kwanza hilo la Kohner, kwa sababu ndipo muvi ilipokosea zaidi na watu huwa wanapapita haraka. Ya 1934 ilimpa mwanamke mweusi uhusika wa Peola. Miaka 25 baadaye, kanuni ya kukataza mahusiano ya weusi na weupe ilishaondolewa tangu 1956, harakati za haki za weusi zimepamba moto, na studio ileile inarudi nyuma. Haikuwa peke yake. 1937 kwenye The Good Earth, Anna May Wong, staa mkubwa Mchina Mmarekani wa wakati ule, alinyimwa uhusika mkuu wa mwanamke wa Kichina akapewa Luise Rainer. 1949 kwenye Pinky, nesi mweusi anayeonekana mzungu alichezwa na Jeanne Crain, mzungu. Mantiki ni moja, mtazamaji mzungu aweze kumhurumia na kumtamani huyo binti akijua moyoni kwamba si mweusi kweli. Kohner alicheza vizuri sana, yeye na Moore wote wawili waliteuliwa kwa Oscar, sina ugomvi na kazi yake. Ugomvi ni kwamba kulikuwa na wanawake waliofanana na Fredi Washington.

Pili, zote mbili zinapoteza kitu. Ya 1934 Delilah ndo chanzo cha mali, na ananyang'anywa kwa tabasamu. Ya 1959 hakuna pankeki, Lora anapanda kwa kipaji chake na Annie anabaki mtumishi tu, kwa hiyo lile swali la nani kamtajirisha nani limefutwa kabisa. Ila ya 1959 inampa Annie kitu ambacho Delilah hana kwa kiasi hicho, ile sentensi ya hukuwahi kuniuliza, inayomgeuzia Lora kibao na kumgeuzia mtazamaji aliyekaa saa nzima bila kujiuliza naye. Ndo maana mtu akiniuliza siku hizi ipi ina uwakilishi bora nashindwa kumjibu. Ukihesabu sura tu huwezi kuona mambo haya. Inabidi ufuate pesa, ufuate na milango, nani anapandia ngazi ipi, nani analala wapi. Sarah Jane akiwa mtoto mdogo kabisa anauliza kwa nini sisi kila siku tunakaa nyuma, hilo ni swali la ramani ya nyumba.

Sasa upande wa uendeshaji. Hotuba ya mwanzo ilikuwa kosa kubwa kuliko kusimamisha muvi, kwa sababu iliwapa watu jibu. Neema usiku wa kwanza alirudia hukumu yangu kwa maneno makali zaidi, halafu yeye ndo akaonekana mkorofi, wakati niliyempa lile rungu ni mimi. Nimemuomba msamaha kwa hilo. Usiku wa pili, bila hukumu yangu, alikuja na hoja mbili za kwake mwenyewe, na zote zilikuwa na nguvu kuliko zangu.

Swali la ungechukua asilimia 20 lilifanya kazi kwa sababu kila mtu ana kitu cha kusema kuhusu mshahara. Ukiuliza uwakilishi, wanaongea waliosoma. Ukiuliza hisa, anaongea kila aliyewahi kulipwa kidogo. Na kuwatanguliza waliofanya kazi za ndani kulisaidia, japo kulikuwa na gharama, dada mmoja aliniambia baadaye kwamba alijikuta analazimika kujitangaza kwamba aliwahi kuwa hausigeli, na hakutaka. Sikufikiria hilo. Siku hizi nasema anayetaka kuanza aanze, halafu nasubiri, hata kimya kikiwa kirefu, na kabla ya siku yenyewe napiga simu mbili tatu kuuliza mtu anaendeleaje.

Nisichoweza kusema ni kwamba tulifika mahali pamoja. Neema bado anasema muvi inampenda Annie akiwa amelala kwenye jeneza kuliko akiwa amesimama. Kuna kijana mmoja hakurudi tena tangu usiku wa kwanza, na simlaumu.

## Kilichofuata

Wakati tunakunja viti Mama Zawadi aliniuliza yule mama, Juanita Moore, baada ya hapo alipata kazi gani. Nikamwambia alikuwa mweusi wa tano kuteuliwa kwa Oscar ya uigizaji, akashindwa na Shelley Winters, na baadaye alikuja kusema mwenyewe kwamba alikuwa anapata kazi nyingi zaidi kabla ya kuteuliwa, kwa sababu waliona hawawezi tena kumwita kwa vile vipande vya siku moja au mbili, na vikubwa hawakuwa wanavyo vya kumpa. Alifariki Januari 2014, ana miaka 99.

Akasimama kidogo na kiti mkononi. Akauliza kama ile ya 1934 tunaweza kuiona nzima mwezi ujao, si vipande, anataka kuona Delilah akishatoka pale kwenye bango kama kuna mahali anacheka tena bila kuambiwa.